Vitu vya nyumbani vyenye mionzi: kipi unaweza kubeba, kipi kinabaki

Ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu ya redio ulikuwa mfupi: «Papa yangu aliniachia saa ya zamani, ile ya kuwaka usiku. Banasema iko na mionzi. Naweza kupanda nayo ndeke?» Kesho yake ukaingia mwingine, wa mama mmoja anayetaka kutuma zawadi kwa mtoto wake Ubelgiji: «Niko na jiwe la kijani, zuri sana, linakaa juu ya televizyo tangu miaka. Nimutumie?»

Maswali hayo mawili yanafanana, lakini majibu hayafanani hata kidogo. Saa, ndiyo, kwa masharti. Jiwe, pole mama, hapana, mpaka lipimwe. Huku kwetu Katanga tunaishi juu ya udongo wenye uraniumu, basi tofauti hiyo ni vizuri kila mtu aielewe kabla ya kufunga valizi, na hata kabla ya kupanda kamioni iliyobeba mifuko asiyoijua.

Mionzi ya kila siku

Mionzi tunayozungumzia hapa haiko ile ya simu wala ya antena ya redio yetu. Ni mionzi inayotoka ndani ya atomu zenyewe, pale zinapovunjika. Hesabu zake ni mbili. Bekereli inasema atomu ngapi zinavunjika kwa kila sekunde. Siverti inasema mwili umepokea kiasi gani. Na kwa sababu siverti moja ni kubwa mno, tunahesabu kwa milisiverti (sehemu moja ya elfu) au mikrosiverti (sehemu moja ya milioni).

Hakuna mtu duniani anayeishi bila mionzi. Ardhi, hewa, anga na chakula vinatupatia, kwa wastani wa dunia, milisiverti 2,4 hivi kwa mwaka. Ndizi moja ina bekereli kama 15, kwa sababu ya potasiumu iliyomo. Mbolea ya potasi inaweza kuamsha kengele ya mashine inayopima mizigo bandarini, na bado mkulima anaibeba mgongoni bila shida. Juu ya hiyo ya asili, kipimo ambacho sheria za inchi nyingi zinakubali mtu wa kawaida aongezewe kutokana na kazi za watu wengine ni milisiverti 1 kwa mwaka. Mgonjwa anayepigwa radio ya kifua hospitalini hahesabiwi humo, kwa kuwa ile ni kwa faida yake mwenyewe.

Basi kuuliza tu «kitu hiki kina mionzi?» hakusaidii. Swali la kweli ni hili: kina kiasi gani, kimefungwa namna gani, na kinaweza kutoa vumbi?

Sheria zenyewe zinatoka wapi

Kanuni za kusafirisha vitu vyenye mionzi zinatungwa na Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, AIEA, kule Vienna. Za kwanza zilitoka mwaka 1961, na toleo la sasa linajulikana kwa jina la SSR-6. Wenye ndeke, wenye meli na wenye barabara wamezichukua na kuzitia katika kanuni zao. Kwao bidhaa za hatari zimepangwa katika makundi tisa, na vitu vya mionzi ni kundi la 7. Ile alama yenye mabawa matatu meusi juu ya rangi ya njano ndiyo yake.

Hapa Kongo kuna sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inayohusu kujikinga na mionzi na kulinda vitu vya nyuklia. Kamati ya taifa ya kujikinga na mionzi, CNPRI, ndiyo inayotoa ruhusa na kufanya ukaguzi. Watu wengi wanaichanganya na CGEA, Kamisariya kuu ya nguvu za atomiki, ile yenye mtambo wa atomiki Kinshasa. CGEA ni ya utafiti. Ruhusa ni CNPRI.

Sasa, ukiangalia kanuni hizo kwa macho ya mtu mwenye valizi mkononi, utakuta ni kama milango mitatu, mmoja mwembamba kuliko mwingine.

Mlango wa kwanza ni wa vitu vya dukani. Kama chombo kilikubaliwa na wakubwa wa inchi kilipouzwa, na sasa kiko mikononi mwa mnunuzi, kanuni za usafirishaji hazikihusu tena. Njo maana hakuna anayekusimamisha barabarani kwa ajili ya kengele ya moshi uliyonunua mwenyewe.

Mlango wa pili ni wa kiasi kidogo sana. Kila aina ya atomu ina kiwango chake; mzigo usiofika hapo unahesabiwa kuwa si wa kundi la 7. Kwa radiumu-226, mzigo mzima ukiwa chini ya bekereli 10 000, uko nje ya kanuni. Kwa amerisiumu-241 ni hivyohivyo, 10 000.

Mlango wa tatu ni kifurushi ambacho kanuni zinakisamehe masharti mengi. Kinaruhusiwa kusafiri bila lebo za mabawa matatu kwa nje, mradi juu ya uso wake mashine isisome zaidi ya mikrosiverti 5 kwa saa moja. Lakini kinaandikwa namba ya ONU: 2911 kwa vyombo na vitu vilivyotengenezwa, 2910 kwa kiasi kidogo cha madawa au unga, 2909 kwa vitu vilivyotengenezwa kwa uraniumu au toriumu ya asili, 2908 kwa kopo tupu lililobeba mionzi zamani. Kinaandikwa pia jina la anayetuma au anayepokea. Hizo mikrosiverti 5 zisikutishe: abiria aliye juu angani katika safari ndefu anapata kiasi karibu na hicho kwa kila saa, kutokana na mionzi ya anga peke yake.

Ukizidi hapo, unaingia katika lebo nyeupe na za njano, karatasi za mtumaji, dereva aliyefundishwa. Hiyo si kazi ya mtu wa nyumbani tena.

Saa ya papa

Turudi kwa ndugu yetu wa saa. Saa nyingi zilizowaka usiku, kutoka mwanzo wa karne iliyopita mpaka miaka ya 1960, zilipakwa rangi yenye radiumu. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Likasi wanapaswa kulijua. Uraniumu ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915. Kuanzia 1922 mawe yake yalikuwa yakisafishwa Olen, kule Ubelgiji, kutoa radiumu, na kwa miaka mingi Ubelgiji ndiyo iliyoshika soko la radiumu duniani. Saa ya mzungu wa wakati ule, ikirudi leo Katanga mfukoni mwa mjukuu, inaweza kabisa kuwa inarudi nyumbani.

Wasichana wa viwandani kule Marekani, waliopaka nyuso za saa na kuichonga brashi kwa midomo yao, waliugua mifupa na taya, na wengine walikufa. Waliimeza radiumu. Mvaaji wa saa hakuimeza, sababu iko nyuma ya kioo. Kioo njo kinga yote. Basi:

Usiifungue saa ya aina hiyo. Usimpe fundi wa barabarani aipulize vumbi. Kama kioo kimevunjika au rangi inabanduka kama unga, itie katika mfuko wa plastiki unaofungika, kisha katika kopo, na usiivae tena. Na usidanganyike kwamba haiwaki tena: kinachochoka ni ile dawa ya kung’aa, si radiumu. Radiumu inahitaji miaka 1600 kupungua nusu.

Saa moja nzima, mkononi au ndani ya valizi, haileti taabu ya usalama kwa abiria. Lakini saa moja yenye rangi nyingi inaweza kupita zile bekereli 10 000, na iliuzwa kabla ya kanuni za leo. Basi kama unaituma kwa kampuni ya mizigo, sema wazi ni nini, wao wataamua kama inakwenda kwa namba 2911. Na kama wewe ni fundi mwenye kopo la nyuso hamsini za zamani, hauko tena na kitu cha nyumbani. Uko na mzigo wa kundi la 7, na kopo hilo lisikae chini ya kitanda.

Saa za karibuni hazitumii radiumu. Baadhi zina tritiumu, ambayo mionzi yake haipenyi hata ngozi na inapungua nusu kwa miaka 12 hivi. Nyingi za leo hazina mionzi yoyote, zinanywa mwanga wa mchana tu.

Vingine vinavyokaa nyumbani bila kujulikana

Kengele ya moshi, ile ya duara inayobandikwa kwenye plafo. Aina moja inatumia mwanga na haina mionzi. Aina nyingine ina tone la amerisiumu-241, kwa kawaida bekereli 37 000 hivi au chini yake. Geuza mgongo wake: ukiona alama ya mabawa matatu au maandishi Am-241, ni hiyo. Mionzi yake kubwa inazuiwa na karatasi tu, ndiyo sababu ikiwa nzima ni salama. Hatari ni kuivunja au kuichoma motoni. Moja uliyoinunua inaweza kusafiri na vitu vyako vya kuhama. Mtu anayekusanya mia moja kutoka ofisi zilizobomolewa hayuko tena kwenye mlango wa kwanza, ingawa kila moja ni ileile. Na usimtumie ndugu aliye Ufaransa: kule aina hii hairuhusiwi katika nyumba za watu.

Manshoni ya Petromax, kile kisoksi cheupe kinachotoa mwanga mkali. Zamani karibu zote zilitiwa toriumu. Siku hizi watengenezaji wengi wameiacha. Ikiwa mpya, ndani ya karatasi yake, unaibeba bila wasiwasi. Ikishawaka inageuka jivu linalovunjika kwa kuguswa, na jivu hilo halifai kuvutwa puani. Kabla ya kusafiri na taa, toa manshoni iliyochoka kwa uangalifu, nje ya nyumba, itie katika mfuko, nawa mikono. Mama anayebadilisha manshoni mezani palepale anapokatia matembele, tunamwomba ahame meza.

Bageti za kusudia za TIG. Wenye atelye ndogo katika parseli zao wanazijua: zile zenye kichwa chekundu zina toriumu asilimia 2. Kuzibeba ni kitu kidogo. Kazi mbaya ni kuzichonga kwa mashine bila kifuniko cha pua, kwa sababu vumbi lile linakaa kwenye mapafu. Kuna za rangi zingine zisizo na toriumu na zinasudia vizuri. Ukiweza, nunua hizo.

Vyombo vya kioo vya kijani-njano vya zamani, vya kupamba kabati. Baadhi vilitiwa uraniumu kwa ajili ya rangi. Chukua ile taa ya zambarau ya wabadilishaji pesa, ya kuchungulia dola: kioo cha uraniumu kinang’aa kijani kikali. Kipakie kama kioo chochote, kwa nguo pembeni.

Halafu kuna vidani na bangili za «kukinga mionzi ya 5G», zinazouzwa na watu wa mitandao ya biashara kwa ahadi kubwa. Hivi vinahitaji maneno zaidi kuliko saa. Desemba 2021, mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilitoa onyo juu ya bidhaa kumi za namna hiyo, vidani, bangili, hata kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala. Vilipopimwa, vilikuwa vinatoa mionzi ile ya atomu. Yaani mtu ananunua kitu cha kumkinga na mionzi isiyovunja atomu, anavaa shingoni usiku na mchana kitu chenye mionzi inayovunja. Wengine wanamvika mtoto. Uholanzi iliwaambia wenye navyo wavirudishe kwenye paketi, waviweke kando na wasivivae tena. Nasi tunasema vilevile: usisafiri navyo, usimgawie mtu.

Jiwe haliko kama saa

Sasa tuje kwa jiwe la mama. Vitu vyote tulivyovitaja vilitoka kiwandani. Mtu alipima kiasi, akakifunga nyuma ya kioo au ndani ya chuma. Jiwe halikupimwa na mtu. Halina kifuniko. Linaacha unga kila linaposuguana na lingine, na kama lina uraniumu, lina pia watoto wote wa uraniumu: radiumu, na ile gesi ya radoni inayotoka humo na kujaa katika chumba kisichofunguliwa madirisha.

Malakiti safi haina mionzi. Ni shaba tu, na ndiyo maana vitu vya kuchonga vya malakiti vinauzwa kila mahali. Taabu ni kwamba katika ardhi yetu shaba, kobalti na uraniumu vinakaa pamoja. Kuna mawe ya kijani yanayopendeza kama malakiti, au kuliko malakiti, ambayo kijani chake kimetokana na shaba na uraniumu vimeungana: yako yenye sindano nyembamba kama nywele, mfano yale yaliyofanya Musonoi karibu na Kolwezi ijulikane na wakusanyaji wa dunia nzima, yako yenye vigamba vinavyometa kama vya samaki. Yako pia meusi kama lami, mazito ajabu ukilinganisha na ukubwa wake, yenye maganda ya njano au ya chungwa. Hayo ya mwisho ndiyo ya kuogopa zaidi. Kwa macho peke yake hakuna mtu anayeweza kuapa. Taa ya dola inaweza kukuonyesha mawe mengine ya uraniumu yakiwaka, lakini mengi hayawaki, na kuna mawe yasiyo na ubaya yanayowaka vizuri sana. Mashine ya kupima peke yake njo inajibu.

Shinkolobwe iko kilomita kama 20 kutoka Likasi. Mawe yake bora zaidi yalikuwa na uraniumu kupita nusu ya uzito wake, kitu ambacho hakijaonekana sana duniani. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka tani 1200 hivi New York, na ndizo zilizoingia katika mpango wa bomu la Marekani. Mgodi ulifungwa kabla ya uhuru, lakini wachimbaji wa mikono waliurudia wakitafuta kobalti. Januari 2004 rais alitia sahihi amri ya kuufunga. Julai mwaka uleule ukaporomoka, watu wanane wakafa.

Mawe yale hayakuisha na amri. Mawe ya mchanganyiko yanaendelea kupita barabarani ndani ya mifuko, na mara nyingi anayeyabeba hajui. Hata makampuni makubwa yanakutwa: Novemba 2018 Kamoto Copper ya Kolwezi ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake nje, kwa sababu uraniumu iliyomo ilipita kipimo ambacho bandari za kusafirishia zinakubali.

Kipimo hicho kwa mawe ya asili kiko namna gani? Kanuni za AIEA zinayapa mawe nafasi kubwa kidogo: kama hayapelekwi kwa ajili ya kutoa uraniumu yenyewe, yanaruhusiwa kufika bekereli 10 za uraniumu kwa gramu bila kuhesabiwa kundi la 7. Kwa lugha ya sokoni, ni kama gramu 8 za uraniumu ndani ya kilo 10 za mawe. Jiwe jeusi la Shinkolobwe linapita hapo mara mia kadhaa. Na hata likiwa dogo kama ngumi, halina mlango wa kwanza, kwa sababu halikununuliwa dukani kwa ruhusa ya mtu. Bila karatasi ya kipimo na ruhusa ya CNPRI, kulisafirisha ni kosa, na mpakani maneno «ni zawadi tu» hayasaidii. Mipaka na bandari nyingi za ng’ambo zina milango inayopima mionzi bila mtu kufungua hata valizi.

Kuna vijana wanaoitiwa kandokando na kuambiwa mawe hayo yana mnunuzi wa maelfu ya dola, wapeleke tu mpaka muji fulani. Mara nyingi mnunuzi huyo hayupo, au ni mtego. Anayekamatwa ni aliyebeba.

Barabarani, angani, posta

Mionzi inapungua haraka kwa umbali. Kitu kidogo ukikisogeza mara mbili mbali zaidi, unapokea robo tu. Kwa hiyo hata kwa vitu tulivyosema vinaruhusiwa, namna ya kupakia ni ya maana kuliko unene wa boksi. Saa au kengele ya moshi ikae katikati ya nguo, si ndani ya mfuko unaompakatia mtoto kwa masaa nane kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi. Usiitie pamoja na unga, samaki wakavu au chakula chochote. Kila kitu kwanza katika mfuko wa plastiki, ili kikivunjika vipande visitawanyike.

Kwa kamioni za mizigo ya mgodi, neno letu ni moja: usikae juu ya mifuko. Tunajua nafasi ni haba na nauli ni ghali, na dereva anasema «panda, panda, tunaenda». Lakini ukikaa juu ya mawe hauko mbali nayo hata sentimita, na vumbi lake unalivuta njia nzima. Kama hakuna namna nyingine, kaa kabini, au ngojea ya kesho. Ukifika, piga nguo zako vumbi nje ya nyumba, zifue peke yake, nawa kabla ya kula.

Ndani ya ndeke, kanuni za abiria hazikuruhusu kubeba kitu cha kundi la 7, si mkononi, si katika valizi ya chini. Anayesamehewa ni mgonjwa mwenye kifaa cha moyo au dawa ya mionzi ndani ya mwili wake. Saa ya mkononi inapita kwa sababu inahesabiwa kitu cha mnunuzi, lakini kampuni ina haki ya kukataa, na ukiulizwa, jibu kweli. Kuficha ndiko kunakogeuza kitu kidogo kuwa kesi.

Posta ni fupi: vitu vya mionzi vimekatazwa, isipokuwa kwa watumaji wenye ruhusa maalumu. Usijaribu.

Na kwa mgonjwa aliyerudi kutoka India au Afrika Kusini baada ya kutibiwa tezi ya shingo kwa iyodi ya mionzi: mwili wake unaweza kuamsha kengele ya mpaka kwa majuma kadhaa. Aombe barua ya munganga kabla ya kuondoka hospitalini, yenye tarehe na jina la dawa, na aitunze pamoja na paspoti.

Kile ambacho si cha nyumbani kabisa

Wanaonunua vyuma vikuukuu, hapa tunaongea nanyi. Mashine ya radio ya hospitali, ile ya kupiga picha za mifupa, ikizimwa haina mionzi. Ni chuma kama kingine. Lakini mashine za kutibu saratani, na vipimo vya viwandani vinavyokaa kwenye mabomba na mapipa ya migodi, vinaweza kuwa na sezyumu au kobalti ya mionzi ndani ya gudulia zito la risasi. Hata vichwa vya zamani vya kuzuia radi, juu ya majengo marefu, baadhi vilitiwa radiumu au amerisiumu.

Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu wawili walitoa kichwa cha mashine ya namna hiyo katika hospitali iliyoachwa, wakakiuza kama chuma. Ndani mlikuwa na unga uliong’aa buluu gizani. Watu waliupeleka nyumbani, wakaupaka mwilini, wakagawiana kama kitu cha maajabu. Watu zaidi ya 112 000 walipimwa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita.

Chuma kidogo lakini kizito kupita kiasi, chenye alama ya mabawa matatu, usikikate, usikibebe kwa pikipiki kukipeleka kwa mnunuzi. Kiache palepale, ondoa watu na watoto, na mtu mmoja aende kuwaambia wakubwa wa mtaa na ulinzi wa raia, ili CNPRI ijulishwe.

Mama wa jiwe la kijani alituandikia tena baada ya kusikia emisyo: «Basi nilitupe mu mto?» Hapana, mama. Mto unanywewa. Mawe ya mionzi yaliwahi kutupwa katika mto Mura, karibu na Likasi, mwaka 2007, na habari ile ilifika mbali kuliko maji yenyewe. Lifunge katika mfuko, litie kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ikae nje, kwenye kona ya parseli ambako hakuna anayelala wala mtoto anayecheza. Pangusa juu ya televizyo kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio, na kitambaa hicho kiingie katika ndoo pia. Kisha nenda mikono mitupu kwenye Division ya migodi ya jimbo, eleza, omba waje na mashine. Jiwe lenyewe usilipeleke ndani ya bisi.